Jinsi ya Kujaribu Mabadiliko ya Kerneli ya Linux Kabla ya Kuyatuma, Ili Usivunje Ujenzi wa Wenzako

Katika darasa letu la Jumamosi hapa Lamu, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Langoni, kosa hili limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niliandikie. Mwanafunzi hubadilisha mistari kumi ya msimbo wa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, akaijenga (akaigeuza kuwa programu), asione kosa lolote, akatuma kiraka chake (faili ya mabadiliko yake), na kesho yake akapokea barua ya roboti ya majaribio, programu inayojaribu kujenga viraka vya watu, inayomweleza kwamba kiraka hicho hakijengeki. Hapo hunijia na kauli ile ile: "Maalim, kwangu inajengeka." Nami humjibu kwa swali lile lile: "Kwako wapi, mwanangu? Kwa usanidi upi, kwa prosesa ipi, na kwa faili zipi?"

Kerneli ni msimbo mmoja unaojengwa kwa maelfu ya namna. Kila mtu huwasha machaguo anayoyahitaji na kuzima mengine, na kila aina ya prosesa ina faili zake. Kwa hiyo kujengeka kwa namna moja, kwenye mashine moja, hakuthibitishi mengi. Fundi wa jahazi wa Matondoni hakitazami chombo kikiwa bado juu ya magogo akasema kinaelea.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa vijana wawili wa darasa hilo waliotaka kupima joto la sanduku la barafu la samaki kwa kihisio cha LM75, ambacho kiendeshi chake (msimbo unaokiongoza kifaa) kimo katika faili ya `drivers/hwmon/lm75.c`. Waliongeza fanksheni ya kukokotoa wastani wa vipimo. Iwapo wasimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli wangependa wastani ukokotolewe ndani ya kiendeshi ni suala jingine, na kwa maoni yangu wasingependa. Lakini makosa waliyoyafanya vijana wale ndiyo hasa ninayotaka kuyaonyesha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta kompyuta yenye Debian au Ubuntu, kumbukumbu ya GB 8 au zaidi, na nafasi ya GB 40 iliyo wazi kwenye diski.

Diski hiyo iwe na mfumo wa faili wa ext4 au mwingine wa Linux. Usiweke msimbo kwenye flashi ya exFAT wala kwenye saraka ya Windows, kwa sababu mifumo hiyo haitofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali kerneli ina faili kama `xt_CONNMARK.h` na `xt_connmark.h` katika saraka moja. Moja itaifuta nyingine, na Git, programu inayotunza historia ya msimbo, itakuambia umebadilisha faili ambazo hujazigusa kamwe.

Sakinisha vifaa vyote kwa mkupuo mmoja:

```
sudo apt install git build-essential flex bison bc \
  libssl-dev libelf-dev libncurses-dev ccache cpio \
  busybox-static qemu-system-x86 \
  gcc-arm-linux-gnueabihf gcc-aarch64-linux-gnu
```

Mwisho, uwe na kipakatalishi chenye betri inayofanya kazi. Si anasa. Sababu yake utaiona chini, nitakapoeleza habari ya stima.

## Hatua ya 1: Pata msimbo bila kuteketeza bando

Watu wengi hapa hukwama hata kabla ya kuanza. Amri ya kawaida ya `git clone` haiwezi kuendelea ilipoachia mtandao unapokatika. Huanza upya, na bando huisha mara tatu kabla msimbo haujafika. Msimbo wa kerneli pamoja na historia yake yote ni GB kadhaa.

Tovuti ya kernel.org hutoa faili moja iitwayo `clone.bundle` yenye historia nzima. Ishushe ndani ya saraka ya `~/kazi` kwa `wget -c`, ambayo huendelea ilipokomea hata ukikatika mara kumi. Kisha:

```
mkdir -p ~/kazi && cd ~/kazi
git clone -b master clone.bundle linux
cd linux
git remote set-url origin https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
git fetch origin
```

Ukiisha kuipata, mpe na mwenzako kwa flashi. Bando liwe limeliwa mara moja kwa mtaa mzima. Faili hiyo ni moja na haina tatizo la majina, hivyo kwa kuibeba tu flashi ya exFAT inafaa.

Mafanikio: `git status` inasema hakuna kilichobadilika, na `git fetch` inamalizika bila kulalamika.

## Hatua ya 2: Jenga kwanza bila kubadilisha chochote

Usiguse msimbo kabla ya kuona kwamba msingi wenyewe unajengeka kwenye mashine yako. Ukiruka hatua hii, kosa litakapotokea hutajua kama ni lako, la kompaila yako, au la mtu mwingine aliyevunja ujenzi jana usiku.

```
export J=$HOME/kazi/jenga
mkdir -p $J/x86
git switch -c kihisio origin/master
make O=$J/x86 defconfig
set -o pipefail
make O=$J/x86 -j4 2>&1 | tee $J/x86.log
echo $?
```

Yako mambo mawili katika amri hizi yanayostahili maelezo.

La kwanza ni `O=`, inayopeleka matokeo yote ya ujenzi nje ya saraka ya msimbo. Ukiizoea, utaweza kuwa na ujenzi wa aina tano kutoka msimbo ule ule bila mmoja kuuchafua mwingine. Ikiwa uliwahi kujenga ndani ya saraka ya msimbo yenyewe, `make` itakataa na kukuambia `The source tree is not clean, please run 'make mrproper'`. Tahadhari: `mrproper` hufuta pia faili ya `.config`, inakili kwingine kwanza ikiwa unaihitaji.

La pili ni `set -o pipefail`. Bila hiyo, `echo $?` itakupa matokeo ya `tee`, ambayo hufaulu daima, hata kama `make` imeanguka. Nimeshuhudia skripti iliyokuwa ikitangaza ushindi kwa wiki mbili juu ya ujenzi uliokuwa umevunjika siku zote hizo, na mwandishi wa skripti hiyo ni mimi.

Mafanikio: mstari wa mwisho wa ujenzi unasema `Kernel: arch/x86/boot/bzImage is ready`, na `echo $?` inatoa 0.

## Hatua ya 3: Hakikisha faili uliyobadilisha inakompailiwa

Hapa ndipo vijana wetu walipoangukia, na wengi wenu pia. Walibadilisha `lm75.c`, wakaendesha `make`, ujenzi ukafaulu, wakafurahi. Lakini usanidi wa `defconfig` (ule wa kawaida unaokuja na kerneli) wa x86, yaani prosesa za vipakatalishi vingi, hauwashi kiendeshi cha LM75. Kompaila haikuwahi kuifungua faili yao hata mara moja. Wangeliandika shairi humo, ujenzi ungelifaulu vile vile.

Washa chaguo linalohusika, kisha uthibitishe:

```
scripts/config --file $J/x86/.config -e I2C -e HWMON -m SENSORS_LM75
make O=$J/x86 olddefconfig
grep SENSORS_LM75 $J/x86/.config
```

Unataka kuona `CONFIG_SENSORS_LM75=m`. Usiiruke `grep` hiyo ya mwisho, kwa sababu `scripts/config` huandika tu ulichoambia bila kuuliza kama kinawezekana, na `olddefconfig` hukiondoa kimyakimya ikiwa kitu kinachotegemewa hakijawashwa. Hakuna onyo utakaloliona. Ukikuta chaguo limetoweka, fungua faili ya `Kconfig` iliyo katika saraka ya kiendeshi, usome mistari ya `depends on`, uwashe kila kilichotajwa humo.

Bado una shaka? Weka mstari huu popote ndani ya faili yako:

```
#error naonekana
```

Jenga tena. Ujenzi ukifaulu, basi kompaila haipiti hapo, na kila jaribio ulilofanya kabla ya hapo ni bure. Njia hii inafaa zaidi kwa msimbo ulio ndani ya `#ifdef`, ambapo faili yaweza kukompailiwa lakini sehemu yako ikarukwa. Ukishaona kosa limetokea mahali ulipolitarajia, futa mstari huo.

Mafanikio: umeiona kompaila ikianguka kwa makusudi yako, kisha ukaiona ikifaulu.

## Hatua ya 4: Sikiliza maonyo

Onyo kwenye mashine yako laweza kuwa kosa kamili kwenye mashine ya mwenzako. Usanidi ukiwa na `CONFIG_WERROR`, kila onyo husimamisha ujenzi, na `allmodconfig`, ambayo roboti za majaribio huipenda sana, huiwasha.

```
make O=$J/x86 W=1 drivers/hwmon/lm75.o
```

`W=1` huongeza maonyo ambayo kwa kawaida hunyamazishwa. Fahamu kwamba onyo huonekana wakati faili inapokompailiwa tu; ukirudia amri ile ile utaona kimya, na kimya hicho hakimaanishi kwamba onyo limepona. Iguse faili kwa `touch` kisha urudie.

Ukiisha kukomiti (kuyahifadhi mabadiliko katika Git), endesha pia `scripts/checkpatch.pl --strict -g HEAD`. Hiyo hukagua mtindo wa uandishi na haihusu ujenzi, lakini huokoa aibu.

Mafanikio: faili yako haitoi onyo ambalo halikuwapo kabla ya mabadiliko yako. Maonyo ya wengine yaache yalivyo.

## Hatua ya 5: Badilisha usanidi, si msimbo peke yake

Kila chaguo linaloigusa faili yako lina hali mbili au tatu: limezimwa, limewashwa ndani ya kerneli, au limewashwa kama moduli (sehemu inayopakiwa kando, baadaye). Kila hali ina namna yake ya kuvunjika.

Kama moduli. Ukiita fanksheni iliyoandikwa kwenye faili nyingine ambayo haijatolewa kwa `EXPORT_SYMBOL` au `EXPORT_SYMBOL_GPL`, ujenzi wa ndani ya kerneli utafaulu, lakini ule wa moduli utaishia kwa ujumbe wa `modpost`, programu inayokagua moduli, unaosema jina fulani ni `undefined!`. Hivyo jaribu `-m` na `-e` zote mbili. Ujumbe huo huja mwisho kabisa wa ujenzi, kwa hiyo kukompaili faili moja ya `.o` hakutoshi kuuona.

Likiwa limezimwa. Ikiwa umeongeza fanksheni ambayo wengine wataiita, ni lazima faili ya `.h` iwe na fanksheni tupu ya kushika nafasi yake chaguo linapozimwa, nayo iandikwe `static inline`. Ukisahau neno `inline`, kila faili inayoisoma `.h` hiyo bila kuitumia fanksheni hiyo yaweza kulalamika.

Usimamizi wa nguvu ukiwa umezimwa. Viendeshi vingi vina fanksheni za kulaza na kuamsha kifaa. `CONFIG_PM` ikizimwa, fanksheni hizo huweza kubaki hazina anayeziita, na kompaila hutoa onyo la `defined but not used`. Jaribu hivi:

```
mkdir -p $J/nopm && cp $J/x86/.config $J/nopm/
scripts/config --file $J/nopm/.config -d SUSPEND -d HIBERNATION -d PM
make O=$J/nopm olddefconfig
grep 'CONFIG_PM[ =]' $J/nopm/.config
make O=$J/nopm -j4 drivers/hwmon/
```

Baada ya hapo endesha `allmodconfig`, inayowasha karibu kila kitu kama moduli:

```
mkdir -p $J/yote
make O=$J/yote allmodconfig
make O=$J/yote -j4 drivers/hwmon/
```

Je, ni lazima ujenge `allmodconfig` yote? Inategemea ulichogusa. Ukiwa umebadilisha faili moja ya `.c`, saraka yake na ujenzi mmoja kamili wa kawaida vinatosha. Ukiwa umegusa faili yoyote iliyo chini ya `include/linux/`, basi huenda maelfu ya faili huisoma, na huna ruhusa ya kukisia: jenga yote, na ujenge `allnoconfig` pia, ambayo huzima kila kinachozimika na kwa hiyo ni fupi. Ujenzi wa `allmodconfig` kwenye kipakatalishi cha kawaida huchukua saa kadhaa. Mimi huuanzisha baada ya swala ya isha, joto likiwa limepungua, kwa `make -k` ili kosa moja lisiyafiche mengine, na asubuhi nasoma daftari la ujenzi kwa `grep -n -E 'error:|undefined'`.

Mafanikio: usanidi wote uliouchagua umejengeka, na umethibitisha kwa `grep` kwamba kila chaguo limebaki kama ulivyoliweka.

## Hatua ya 6: Jenga kwa prosesa nyingine

Sanduku la barafu la vijana wetu lilikuwa na bodi ndogo ya kielektroniki yenye prosesa ya ARM ya biti 32, ilhali vipakatalishi vyao ni vya biti 64. Fanksheni yao ya wastani ilikuwa na mstari huu:

```
wastani = jumla / idadi;
```

`jumla` ilitangazwa kuwa `u64`. Kwenye x86 ya biti 64 mstari huo hauna dhambi. Kwenye prosesa ya biti 32 hakuna amri ya kugawanya namba ya biti 64, kwa hiyo kompaila huita fanksheni ya msaada kutoka maktaba yake, na kerneli haiunganishwi na maktaba hiyo. Matokeo yake ni haya:

```
ERROR: modpost: "__aeabi_uldivmod" [drivers/hwmon/lm75.ko] undefined!
```

Kwenye x86 ya biti 32 jina linalolalamikiwa huwa `__udivdi3`. Mtu asiyejua huanza kulitafuta jina hilo ndani ya msimbo wake na asilione, kwa kuwa hakuliandika yeye. Limeandikwa na kompaila. Dawa yake ni `div_u64(jumla, idadi)` kutoka `linux/math64.h`, au `div64_u64` ikiwa kigawanyo nacho ni cha biti 64.

Amri zenyewe ni hizi:

```
mkdir -p $J/arm
export X="ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-"
make O=$J/arm $X multi_v7_defconfig
scripts/config --file $J/arm/.config -e I2C -e HWMON -m SENSORS_LM75
make O=$J/arm $X olddefconfig
make O=$J/arm $X -j4 drivers/hwmon/
arm-linux-gnueabihf-nm -u $J/arm/drivers/hwmon/lm75.o | grep ldivmod
```

Amri ya mwisho ni njia ya mkato: inaorodhesha majina ambayo faili inayahitaji kutoka nje. Ikitoa chochote, mgawanyo mbaya bado umo, na umeujua bila kungoja ujenzi mzima. Ikinyamaza, endelea na ujenzi kamili.

Prosesa nyingine hufichua makosa mengine mawili. La kwanza ni faili za `.h` ulizosahau kuzitaja. Kwenye x86 faili moja huleta nyingine kwa mlango wa nyuma, nawe ukatumia `readl` au `kfree` bila kutaja `linux/io.h` au `linux/slab.h`, kwenye ARM mlango huo haupo. Taja kila faili unayoitumia, hata kama inaonekana kuletwa na nyingine. La pili ni `printk`: ukiichapa `size_t` kwa `%lu`, biti 64 hunyamaza na biti 32 hupiga kelele. Andika `%zu` kwa `size_t` na `%llu` kwa `u64`.

Onyo moja kuhusu `ARCH`: ukiisahau katika amri moja tu, `make` itadhani unajenga kwa ajili ya x86 na kuuharibu usanidi ulio katika saraka hiyo. Ndiyo sababu nimeiweka katika `X`, na ndiyo sababu kila prosesa ina saraka yake. Kwa biti 64 za ARM rudia yote kwa `ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-` na `defconfig`.

Mafanikio: angalau prosesa moja ya biti 32 na moja isiyo x86 zimejenga faili yako bila onyo jipya.

## Hatua ya 7: Jaribu kile utakachotuma, si kilicho kwenye diski yako

Kosa hili silisemi kwa kusimuliwa. Niliongeza faili mpya ya `.h`, nikajenga kila usanidi niliouorodhesha hapo juu, nikatuma, na roboti ikanijibu kwamba faili hiyo haipo. Ilikuwapo kwangu. Sikuwa nimeipitisha kwa `git add`.

Anza kwa `git status --short`. Mstari wowote unaoanza kwa `??` ni faili ambayo Git haiijui. Kisha jenga kutoka nakala safi isiyo na kitu ila ulichokomiti:

```
git worktree add --detach ../safi
mkdir -p $J/safi && cp $J/x86/.config $J/safi/
make -C ../safi O=$J/safi olddefconfig
make -C ../safi O=$J/safi -j4
git worktree remove ../safi
```

Ikiwa una viraka vitatu vinavyofuatana, kila kimoja ni lazima kijengeke kikiwa peke yake juu ya kilichokitangulia. Si ushupavu wa wasimamizi. Mtu anayetafuta hitilafu kwa `git bisect` hurukia katikati ya historia, na akiangukia kwenye komiti isiyojengeka, kazi yake imekwama. Git itakukagulia:

```
git rebase --exec "make O=$J/x86 -j4 drivers/hwmon/" origin/master
```

Itasimama kwenye kiraka cha kwanza kitakachoanguka. Rekebisha, `git add`, `git commit --amend`, kisha `git rebase --continue`.

Mafanikio: nakala safi imejengeka, na `rebase` imefika mwisho bila kusimama.

## Hatua ya 8: Iamshe

Kerneli inayojengeka lakini haiamki nayo imevunjika, ingawa ni kwa namna nyingine. Usiisakinishe kwenye mashine yako ya kazi. Iamshe ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Tengeneza mfumo mdogo kabisa:

```
mkdir -p ~/kazi/mzizi/bin && cd ~/kazi/mzizi
cp /bin/busybox bin/
cat > init <<'MWISHO'
#!/bin/busybox sh
/bin/busybox echo KERNELI IMEAMKA
/bin/busybox poweroff -f
MWISHO
chmod +x init
find . | cpio -o -H newc | gzip > ../mzizi.gz
```

Kisha:

```
qemu-system-x86_64 -m 512 -nographic -no-reboot \
  -kernel $J/x86/arch/x86/boot/bzImage \
  -initrd ~/kazi/mzizi.gz -append "console=ttyS0 panic=-1"
```

Mafanikio: unaona `KERNELI IMEAMKA` na QEMU inajifunga yenyewe. Ikiganda, toka kwa kubonyeza Ctrl-A kisha x.

Kwa kiendeshi cha LM75 unaweza kwenda mbali zaidi bila hata kuwa na kihisio: moduli ya `i2c-stub` hujifanya kifaa cha I2C (njia ambayo kihisio huzungumza na prosesa), na ukiiwasha kwa `chip_addr=0x48` unaweza kukifunga kiendeshi chako juu yake. Baadhi ya sehemu za ndani za kerneli zina pia majaribio ya KUnit, yanayoendeshwa kwa `./tools/testing/kunit/kunit.py run`.

## Stima ikipotea katikati, na makosa mengine yasiyo yako

Unapokatiza ujenzi kwa Ctrl-C, `make` hufuta faili iliyokuwa ikiandikwa. Umeme ukizimika ghafla hakuna wa kuifuta, na baada ya hapo utakuta faili za `.o` zenye ukubwa wa sufuri ambazo `make` inadhani zimekamilika. Ujenzi unaofuata hulalamika kuhusu faili ambayo hukuigusa, kwa maneno kama `file format not recognized` au `file truncated`. Usiutafutie msimbo wako kosa. Endesha:

```
find $J -name '*.o' -size 0 -delete
```

kisha ujenge tena. Kosa likiendelea, futa saraka nzima ya ujenzi huo. Kwa kuwa kuanza upya kunauma, tumia `make CC="ccache gcc"` katika ujenzi wa x86 tangu siku ya kwanza, ili faili ambazo hazijabadilika zisikompailiwe mara ya pili.

Ukiona `Killed signal terminated program cc1`, kumbukumbu imekwisha. Punguza `-j4` iwe `-j2`. Ukiona `internal compiler error` inayotokea mahali tofauti kila unaporudia, shuku mashine kabla ya kompaila, hasa wakati wa kaskazi, chumba kikiwa kimefungwa na feni ya kipakatalishi imejaa vumbi lenye chumvi ya bahari.

Na ukiona makosa mia mbili kwa pamoja, soma lile la kwanza tu. Kwa `-j4` mistari huchanganyika, kwa hiyo rudia kwa `-j1` ili lile la kwanza lisimame peke yake.

## Roboti ikikuandikia hata hivyo

Itakuandikia siku moja. Barua ya kernel test robot huwa na usanidi uliotumika, toleo la kompaila, na amri za kurudia kosa. Pakua usanidi huo, uuweke katika saraka yake mpya kama `.config`, na uone kosa kwa macho yako kabla ya kurekebisha chochote. Wanafunzi wangu wanaorekebisha kwa kukisia hutuma toleo la pili linalovunjika kwa usanidi ule ule.

Ikiwa kiraka chako bado hakijapokelewa, rekebisha ndani ya kiraka chenyewe na utume toleo jipya lenye alama ya `v2`, bila kuongeza kiraka cha pili cha kurekebisha cha kwanza. Ikiwa kimeshaingia kwenye hazina ya msimamizi, hapo ndipo unapotuma kiraka cha pekee, ukitaja komiti iliyokosea kwa mstari wa `Fixes:` na kuitaja roboti kwa mstari wa `Reported-by:`, kama barua yenyewe inavyokuelekeza. Kisha rudi hatua ya 3.